Pua Inayoziba na Mazoezi

SWALI: Daktari, nina mzio wa pua wa miaka mingi. Kila asubuhi ninaamka nikipiga chafya mfululizo, pua ikiwa imeziba, na nikianza kukimbia makamasi mepesi hunitoka bila kukoma. Wenzangu wananishauri niache mazoezi mpaka nipone. Je, nikiendelea ninajidhuru?

JIBU: Hujidhuru, na ushauri wa kungoja upone haukufai, kwa sababu mzio haupiti baada ya siku chache kama mafua. Mwili unapoanza kufanya kazi, mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua husinyaa, ndiyo maana wengi huhisi pua imefunguka muda mfupi baada ya kuanza mazoezi, ingawa nafuu hiyo huisha baada ya kupumzika. Makamasi yana sababu nyingine: pua huchuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu, hivyo hewa nyingi inapopita kwa kasi, hasa iliyo baridi na kavu, pua hutoa majimaji zaidi hata kwa mtu asiye na mzio. Beba kitambaa. Wala usijilazimishe kupumua kwa pua peke yake, kwani mazoezi yakikolea karibu kila mtu hupumua kwa kinywa pia.

Wengi hukosea katika dawa. Steroidi ya kupuliza puani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ndiyo inayosaidia zaidi pua iliyoziba kwa mzio, lakini hutumiwa kila siku na huweza kuchukua hadi wiki 2 kabla ya kuonyesha nguvu zake zote. Anayeipuliza siku za mazoezi tu, kisha akalalamika kwamba haifanyi kazi, kwa maoni yangu bado hajaijaribu. Elekeza ncha yake upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, ili usitokwe na damu. Kuhusu vidonge vya mzio, klorofeniramini husinziisha, ilhali loratadini ni nadra kufanya hivyo. Dawa za kupuliza zinazozibua pua papo hapo, kama zailometazolini, zisitumiwe zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, la sivyo pua huzidi kuziba kila unapoziacha. Na ikiwa unashiriki mashindano rasmi, soma pakiti za vidonge vya mafua, kwa kuwa pseudoefedrini iliyomo katika baadhi yake imewekewa kikomo na kanuni za WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni.

Kama kinachokusumbua ni chavua, yaani vumbi la maua, epuka kukimbia nje siku kavu zenye upepo, na ukirudi uoge na kubadili nguo.

Ukiwa na homa au maumivu ya mwili mzima, hayo si ya mzio, basi pumzika. Kifua kikibana, au ukikohoa na kupumua kwa mlio wakati wa mazoezi au dakika chache baada ya kumaliza, umwone daktari kabla ya kukimbia tena, kwani mara nyingi mzio wa pua huandamana na pumu.