Usianze na "Ulipatwa na nini?"

Mshauri mgeni kwa wakimbizi wa vita hukosea zaidi kikao cha kwanza, tena kwa nia njema. Anafungua daftari na kuuliza: "Ulipatwa na nini?" Aliye mbele yake anajibu, kwa kuwa anadhani asiposema hatasaidiwa. Usiku halali, na wiki ijayo haji. Zamani kumsimulisha mtu mkasa wake wote kwa kikao kimoja, mara tu baada ya tukio, kulidhaniwa ni kinga. Utafiti ulionyesha hakuzuii ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kusifanyike.

Anza na leo. Analala saa ngapi? Anashtuka usiku mara ngapi? Anakula? Mahali anapolala pana usalama? Watu wake wako wapi? Mama asiyejua kama mwanawe yu hai hatatulizwa na zoezi la kupumua. Mpeleke kwanza kwa wanaotafuta jamaa waliopotezana.

Usikimbilie kuupa ugonjwa jina. Dalili za kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, ni za aina nne: tukio kumrudia (jinamizi, au kuliona upya akiwa macho), kukwepa kila kinachomkumbusha, fikra na hisia kuharibika, na mwili kukaa chonjo muda wote. Ili uuite ugonjwa, sharti zikae zaidi ya mwezi mmoja na zivuruge maisha. Kabla ya hapo wengi hupoa wenyewe wakipata usalama na watu wao. Anayeruka kwa kila mlio huku risasi bado zinasikika jirani, huyo ana akili timamu. Wala msiba si kiwewe, ingawa mara nyingi vinakuja pamoja. Na wengi hawatakuja na "mawazo": watakuja na kichwa, mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio. Mwili upimwe kwanza, hasa aliyewahi kupigwa kichwani.

Tukio likimrudia mbele yako, usimguse na usizibe mlango. Mwite jina kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko wapi na leo ni tarehe ngapi. Akandamize nyayo sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona. Macho yabaki wazi. Akifumba, picha huja kwa nguvu zaidi. Ukimtaka apumue, iwe polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Akivuta pumzi kubwakubwa kwa haraka, kizunguzungu kitamwongezea hofu.

Mkalimani ndiye anayejenga kikao au kukibomoa. Asiwe mtoto wa mhusika wala ndugu, na kwanza uliza kama mhusika anamwogopa kwa kabila au upande wake vitani. Kaeni pembetatu, mtazame mhusika, zungumza naye moja kwa moja. Baadaye mpe mkalimani dakika kumi za kupumua. Mara nyingi naye ni mkimbizi.

Diazepam na jamii yake, dawa za kutuliza na kuleta usingizi, haitibu kiwewe, na WHO haiipendekezi kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Ina uraibu, ndiyo maana wagonjwa huiulizia kwa jina!

Kusimulia mkasa kuna wakati wake, ndani ya tiba yenye mpango. Katika tiba ya masimulizi, maisha hutandazwa kwa kamba: maua kwa mema, mawe kwa mabaya, kisha jiwe moja moja husimuliwa. Kambini Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa waliitoa wenyewe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha inasaidia. Kosa kubwa ni kukata kikao hofu ikiwa kileleni. Hakikisha muda unatosha kufika pale mtu alipookoka, utulivu urudi, ndipo aondoke.

Kujiua uliza waziwazi. Swali halimpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani, na kama kifaa anacho. Akiwa na mpango, asibaki peke yake hata dakika moja, na rufaa iandikwe siku hiyohiyo.