Mama Wakili Anajibu: Magodoro na dawa ni kazi ya wakili?

SWALI: Mama Wakili, shikamoo. Mdogo wangu amemaliza masomo ya sheria, na sasa anajitolea kuwatetea wakimbizi walioko mahabusu. Kila nikimsikiliza, habari zake ni magodoro, dawa na wakalimani. Kesi yenyewe sijui anaifanya lini. Halafu hao si waliingia bila kibali? Naona anapoteza muda.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapotezi muda hata kidogo.

Tuanze na kibali. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, ilimradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa na kueleza sababu za msingi. Ulitaka akapange foleni ya pasipoti kwa serikali ileile inayomsaka?

Sasa magodoro. Mkimbizi mara nyingi hana shahidi wala karatasi. Ushahidi wake ni maelezo yake. Atahojiwa: waliokuvamia walikuja lini, walikuwa wangapi, wewe ulitokea mlango upi? Majibu yatalinganishwa na aliyoyatoa mwanzo, na yakipishana ataambiwa ni mwongo. Mtu aliyekesha bila godoro, taa ikiwaka usiku kucha, mwenye jeraha lisilotibiwa, atakumbuka tarehe? Mwanamke aliyebakwa atasimulia yaliyompata mbele ya askari wa kiume, huku mahabusu mwenzake ndiye anayetafsiri? Hapo kesi imeshaharibika kabla hakimu hajafungua jalada. Wengine huchoka kabisa, wakasaini karatasi ya kurudi kwao "kwa hiari" ili tu watoke humo ndani. Hiari gani hiyo!

Wala mdogo wako haombi hisani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 10, unataka kila aliyenyimwa uhuru atendewe kiutu. Kifungu cha 9 kinampa haki ya kwenda mahakamani kuhoji uhalali wa kushikiliwa kwake. Kanuni za Mandela, yaani viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaingia hadi kwenye matandiko na matibabu. Zinapiga marufuku kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Na mfungwa anapoongea na wakili wake, askari aweza kuwaona lakini asiwasikie. Hilo la mwisho mdogo wako anapaswa kulidai kila anapoingia, maana ndilo wanalolisahau upesi kuliko yote.

Akikuta mtoto humo, aanze naye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kumshikilia mtoto ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Malalamiko ayaandike: tarehe, saa, jina la dawa iliyoombwa, aliyeipokea barua, na abaki na nakala. Ya mdomo yanakanushika. Ila kwanza amwombe mteja ridhaa, kwa sababu wakili ataondoka jioni na mteja atabaki na askari walewale. Na asithubutu kupiga simu ubalozi wa nchi ya mteja kutafuta vyeti bila ridhaa yake, hata afisa amhimize vipi. Watakaofuatwa ni ndugu waliobaki nyumbani.