Tomcat inawaka, programu haionekani

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Najifunza kusimamia seva ya Java. Nimeweka Tomcat 10.1 kwenye Linux na ukurasa wake wa mwanzo unafunguka kwenye poti 8080. Lakini nikiweka faili langu la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti) kwenye folda ya webapps, linafumuliwa vizuri, kisha nikiifungua programu napata kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Kwenye Tomcat 9 ilifanya kazi bila shida. Nimekosea wapi?

JIBU: Seva yako ni nzima. Kuanzia Tomcat 10, kifurushi cha msimbo javax.servlet kimekuwa jakarta.servlet, hivyo servlet (vipande vya msimbo vinavyojibu maombi ya wavuti) zenye jina la zamani hazitambuliki. Soma logs/catalina.out, mara nyingi utakuta kosa la NoClassDefFoundError (darasa la msimbo halikupatikana) linalotaja javax/servlet. Logi ikiwa kimya usidanganyike, kwani servlet zilizosajiliwa kwa alama ya @WebServlet ya zamani hurukwa bila onyo lolote.

Futa WAR na folda yake kutoka webapps. Tengeneza folda iitwayo webapps-javaee kando ya webapps, weka WAR humo, na Tomcat yenyewe itaibadilisha na kuinakili kwenye webapps. Hiyo ni nafuu ya muda. Dawa hasa ni kubadilisha msimbo na kuukusanya upya, ila usibadilishe kila javax kwa mkupuo: javax.sql na javax.naming ni za Java yenyewe, ziache zilivyo.

Na tafadhali sana, usiiwashe Tomcat kwa root, mtumiaji mkuu wa Linux. Programu ikidukuliwa, mdukuzi anapata mashine nzima. Ifungulie akaunti yake ya mtumiaji.