Mshairi mwenye biashara asome nini, na asome vipi

Mshairi anayeuza kazi yake hapa Lubumbashi ana kazi tatu ndani ya siku moja: kuandika, kuuza, na kufuatilia pesa yake. Ya kwanza anaijua. Mbili zilizobaki anajifunza kwa kuungua vidole, ndiyo maana vitabu vya kujiendeleza vinamvuta. Kasoro yake ni kwamba vingi viliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi, mshahara wa mwisho wa mwezi na umeme usiokatika. Ukivimeza vizima, unapata hamasa ya siku mbili na aibu ya wiki mbili.

Kwa hiyo tatizo litangulie, kitabu kifuate. Chukua karatasi uandike kilichokukwama zaidi ya mara moja mwezi uliopita. Usiandike "nataka kufanikiwa". Andika "wateja watatu hawajamaliza kulipa", au "shairi la harusi ya Jumamosi liliandikwa Ijumaa usiku". Ukishaandika hivyo unajua unatafuta nini: sura ya kudai deni, au sura ya kupanga muda. Kitabu chenyewe utakipata kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika mjini, au kwenye maktaba, kwa kawaida kwa Kifaransa. Ruka utangulizi, nenda kwenye yaliyomo, chagua sura inayogusa tatizo lako na usome kurasa 10. Zikiisha hujaona jambo hata moja la kufanya kabla ya Jumamosi, kirudishe. Utangulizi wa vitabu hivi hujaa visa vya watu waliotajirika. Ni vitamu kusoma, ila havikwambii ufanye nini mwenye harusi anapozima simu.

Vitabu vinne kwa mwaka vinatosha. Kitabu cha kurasa 240, ukisoma kurasa 8 kwa siku, kinakwisha kwa siku 30. Miezi miwili inayofuata ni ya kujaribu jambo moja tu ulilolitoa humo. Anayesoma kumi na viwili kwa mwaka huwa hajajaribu hata kimoja, na hilo utalijua ukiona daftari lake la madeni.

Sasa kuhusu kuandika ulichosoma, hapa mshairi ana chombo ambacho mhasibu hana. Kila sura iliyokufaa ifupishe kwa ubeti mmoja wa tarbia: mishororo minne, mizani (yaani silabi) 16 kwa mshororo, nane na nane. Mizani haina huruma. Wazo lililojaa maneno makubwa haliingii humo, na likikataa kuingia ujue hujalielewa, au mwandishi mwenyewe hakuwa na la kusema. Sura nzima kuhusu malipo ya kutangulia inaweza kubaki hivi:

Harusi ya Jumamosi, mteja amenijia,
Kalamu ina nafasi, nusu hajanipatia,
Mkono hauna kasi, simu haijanilia,
Kwanza nusu ya malipo, ndipo ubeti uanze.

Simu inayolia hapo ni ujumbe wa pesa kuingia. Ubeti huu si wa kusomea watu, ni wa kukukumbusha wewe. Urudie kesho yake, kisha baada ya wiki. Tangu mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, ndani ya siku ya kwanza. Kurudia siku ya pili ndiko kunakozuia mvujo. Kupiga mistari chini ya maneno kwa biki nyekundu hakuzuii kitu.

Kuhusu muda: achana na ushauri wa kuamka saa kumi na moja alfajiri eti kwa sababu matajiri huamka hivyo. Mtaani Katuba au Ruashi siku yako haipangwi na saa ya ukutani, inapangwa na umeme. Weka orodha mbili. Ya kwanza ni ya kazi zinazokula umeme: kurekodi sauti, kupanga kurasa kwenye kompyuta, kuchapisha, kutuma faili nzito, kuchaji kila kitu. Ya pili ni ya kalamu: kuandika beti, kuhesabu mizani, kukariri, kusoma, kumtembelea mteja. Umeme ukirudi, hata saa tano usiku, unaacha ya pili pale ilipo na kuingia ya kwanza, ukianza na kazi ambayo mteja anaingoja. Ukikatika, hupotezi dakika kulalamika kwa sababu orodha ya pili iko tayari kwenye karatasi. Iwe kwenye karatasi kweli, maana simu iliyozimika haiwezi kukuonyesha orodha.

Wengi hukosea kuandika orodha moja ndefu. Umeme unarudi, mtu anaanza kutafuta la kufanya, anafungua WhatsApp "mara moja tu", na saa moja ya umeme imekwenda. Kanuni ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, ile aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, inafaa sana kwenye orodha ya kwanza. Kwenye kuandika shairi haifai. Ubeti ukianza kuja haukatwi na kengele.

Kuna hatari moja ambayo vitabu hivi havikutahadharishi, na kwa mshairi ni kubwa kuliko zote: lugha yao inaingia kwenye mashairi. Mtu akisoma kujiendeleza kila asubuhi kwa mwezi mmoja, beti zake zinaanza kuota "ndoto", "fursa", "safari ya mafanikio", "amini unaweza". Wasikilizaji wanapiga makofi kwa adabu na hawakumbuki mstari hata mmoja. Tenganisha saa. Asubuhi kabla ya kuandika, soma mashairi tu, au sikiliza kasala, mashairi ya sifa ya wazee wa Kiluba, uone jina la babu mmoja linavyobebwa kwa sifa tano bila hata moja kurudiwa. Vitabu vya kazi visomwe baada ya kuandika, jioni. Na mara moja kwa mwezi pitia kazi zako mpya ukiwinda maneno hayo. Ukikuta zaidi ya matatu katika shairi moja, kitabu cha jioni kipumzike.

Kisomo ambacho washairi hukikimbia, na ambacho kingewasaidia kuliko vyote, hakina hamasa hata chembe: sheria. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya biashara ya jumla ya OHADA, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ina hadhi inayoitwa kwa Kifaransa entreprenant, iliyowekwa kwa mtu mmoja mwenye shughuli ndogo. Huyu hutoa tamko tu, haandikishwi kama mfanyabiashara kamili. Soma vifungu hivyo, ni kurasa chache. Humo utakuta wajibu ambao ni ushauri bora kuliko wa vitabu vingi: kuwa na daftari la kila siku, linaloonyesha kwa mpangilio wa tarehe pesa imetoka wapi na kiasi gani, taslimu ikitengwa na njia nyingine za malipo, na imetumika wapi. Daftari hilo linatunzwa miaka mitano angalau.

Kwa hiyo nunua daftari la kurasa 100, lipige mistari upate safu sita: tarehe, nani, kazi gani, taslimu, simu, iliyotoka. Dola na faranga zisichanganywe katika safu moja. Andika alama ya fedha kila mara, na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo pembeni, la sivyo mwisho wa mwezi utajumlisha viazi na mihogo. Ongeza safu ya saba ambayo sheria haiidai: saa ulizotumia.

Safu hiyo ya saba ndiyo inayofungua macho. Tuseme shairi la harusi, dakika 4. Ubeti mmoja wa tarbia ukighaniwa bila haraka huchukua kama sekunde 25, kwa hiyo unahitaji beti 9 au 10. Kuhoji familia ili kupata majina na visa: saa 1. Kuandika: saa 5. Mazoezi: saa moja na nusu. Siku yenyewe, usafiri na kungoja ukumbini: saa 4, maana kadi inasema saa kumi na mbili na bibi harusi anaingia saa mbili na nusu. Jumla saa 11 na nusu. Ulitoza dola 60, usafiri na mega za simu zimekula 8, zimebaki 52. Hiyo ni dola nne na nusu kwa saa. Mshairi akiona hivyo hukimbilia kupandisha bei. Lakini angalia tena: kuandika kumekula saa 5 na kungoja karibu 4. Kinachovuja ni ukumbi. Dawa yake ni sentensi moja kwenye makubaliano, nayo inatumwa kwa maandishi hata mteja akiwa ni shangazi yako:

"Jambo Mama. Shairi la harusi la dakika 4 ni dola 60. Dola 30 kwa simu kabla sijaanza kuandika, dola 30 nikifika ukumbini, kabla ya kupanda jukwaani. Nitakuwepo kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Kila saa inayozidi ni dola 5. Majina ya wazee naomba niyapate kufikia Jumanne."

Mstari wa majina usiusahau. Majina yakija Ijumaa, au yakija yamekosewa, ni wewe utakayeaibika mbele ya ukoo mzima. Na ile nusu ya pili ilipwe kabla ya jukwaa kwa sababu baada ya jukwaa mwenye pesa huwa anacheza, au ameshaondoka, au amemwachia kaka yake ambaye hana habari.

Kilio kina kanuni nyingine. Simu ya kilio inakuja usiku, kazi inatakiwa kesho, na hapo huwezi kudai nusu kwanza, utaonekana huna utu. Weka kiasi kimoja kidogo, kisichobadilika, ukitaje mara moja kwa msemaji wa familia, kisha usikirudie. Kiingize kwenye daftari kama kazi nyingine yoyote, kikilipwa baada ya wiki tatu au kisipolipwa. Ukiona vilio vimezidi robo ya kazi zako za mwezi, bei za harusi ndizo za kuangaliwa, kwa sababu ndizo zinazobeba.

La mwisho ni kusoma na wenzako. Watu wanne, kitabu kimoja, kila mmoja sura zake, na kila Jumapili ya pili mnakutana: kila mtu na ubeti wake na jambo moja alilolijaribu, kwa Kiswahili, dakika kumi, hakuna kusoma kutoka kwenye kitabu. Asiyejaribu kitu ananunua maji na karanga. Wakizidi watano mazungumzo yanakuwa mkutano. Kitabu mchangie mkinunue. Zile PDF za bure zinazozunguka kwenye makundi ya simu ni kazi ya mwandishi mwenzako, na nchi hii ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Mshairi anayelalamika kwamba shairi lake limesomwa redioni bila jina lake, huku simu yake imejaa vitabu 300 vya wizi, atapata shida kumweleza mtu anadai nini hasa.