Pembe haina homa

SWALI: Mwalimu, marehemu baba alikuwa mpima ardhi na ametuachia teodolaiti (chombo cha kupimia pembe) ya zamani ya Uswisi, imeandikwa Wild T2. Nataka kuiuza mtandaoni. Nimeandika: "Inasoma pembe kuanzia nyuzi joto 0 hadi 360, pamoja na dakika na sekunde." Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, anasema niandike "digrii". Nani yuko sawa?

JIBU: Jirani, na inaniuma kumpa ushindi. Digrii nimezoea kuziona kwenye mahafali. Lakini kati ya digrii zake na hizo nyuzi joto zako, heri digrii mara mia.

Neno ni nyuzi, basi. Joto limeingiaje? Kila jioni tunasomewa hali ya hewa, nyuzi na joto zikiandamana kama chanda na pete, mpaka watu wakadhani ni neno moja. Niliwahi kusahihisha insha ambamo matatu ilikata kona "ya nyuzi joto 90". Tisini! Kwa mwinuko wa Nairobi maji hayangoji 100, huchemka kwenye 94 au 95 hivi. Kona hiyo ilikuwa imebakisha kidogo tu utie majani ya chai. Je, dereva akigeuza gari arudi alikotoka? Nyuzi joto 180, mafuta tayari, leta mandazi. Na chombo chako kinachofika 360 kumbe ni tanuri, kawauzie waoka mikate.

Hebu kiangalie wewe mwenyewe. Fungua kile kioo kidogo cha pembeni, ukielekeze penye mwanga. Mwanga hupenya duara la kioo lililochanjwa mistari myembamba kulizunguka, kisha prizimu huuleta hadi kwenye hadubini iliyo ubavuni mwa darubini. Chungulia. Utaona mistari ya pande mbili za duara zinazokabiliana. Zungusha kidude cha maikromita taratibu mpaka ya juu ikae sawasawa na ya chini, ndipo usome: nyuzi 47, dakika 26, sekunde 38. Joto liko wapi hapo? Joto pekee linalokihusu chombo hiki ni la jua, na wapimaji hukikinga kwa mwavuli.

Dakika na sekunde ziache, ni za pembe, si za saa: dakika 60 hutimiza uzi mmoja, sekunde 60 dakika moja. Sekunde 1, ukiwa umbali wa kilomita 1, ni upana wa milimita 5 hivi. Mzee wako alikuwa na jicho!

Teodolaiti tumeikopa kwa Waingereza, ambao neno hilo wanalo tangu kitabu cha mwanahisabati wao Leonard Digges cha 1571, na mpaka leo hawajakubaliana lilitoka wapi. Sina ugomvi nalo.

Futa "joto", tangaza. Jirani mwambie ameshinda, ila digrii zake abaki nazo.