Kisukari cha mimba: mtoto kuzaliwa na kilo nyingi sio lazima awe na afya

Wajawazito wenzangu naomba tuongee hili, maana mtoto akizaliwa na kilo 4 na nusu watu wanapiga vigelegele, hongera mtoto kashiba, kumbe saa nyingine ule ukubwa ndo dalili yenyewe. Mimi kisukari kilinishika mimba ya pili na sikusikia chochote, sio kiu sio kizunguzungu, kilionekana tu kwenye kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75.

Iko hivi, sukari ya mama inapita kwenye kondo la nyuma inaenda kwa mtoto lakini insulini ya mama (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) haipiti, kwa hiyo kongosho la mtoto linatengeneza insulini yake nyingi na hiyo ndo inamnenepesha, hasa mabegani, ndo maana wengine wanakwama wakati wa kutoka. Sasa kitovu kikishakatwa sukari ya mama inakatika hapo hapo ila insulini ya mtoto bado imejaa, sukari yake inashuka, na ikishuka sana ikaachwa inaweza kuumiza ubongo.

Wangu alitoka analia kwa nguvu kabisa. Baadaye kidogo mikono ikaanza kutetemeka, ziwa nikimpa analiachia anasinzia, mama mkwe akasema ni baridi mfunike. Nesi akamtoboa kisigino, tone la damu kwenye kimashine, sukari ikasoma 1.9 mmol/L wakati wanataka angalau 2.6. Akawekewa dripu ya glukosi huku nakamua yale maziwa ya njano ya mwanzo anapewa kwa kijiko. Alikaa sawa namshukuru Mungu, ila wengine hawatetemeki kabisa, kwa hiyo we omba apimwe hata kama anaonekana mzima. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, akae kifuani kwako ngozi kwa ngozi, na usipitishe masaa matatu hajanyonya. Muangalie na pumzi, na kama macho au ngozi inageuka njano pia.

Kwa ambao bado mna mimba, pimeni kati ya wiki ya 24 na 28, mkojo peke yake hautoshi jamani. Ugali sikuacha, nilipunguza tonge nikaongeza mboga, soda na juisi ndo niliacha kabisa. Ukiandikiwa insulini choma bila woga, haimfikii mtoto, kinachomfikia ni sukari. Na uzae hospitali yenye huduma ya watoto wachanga. Ukishajifungua, wiki ya 6 mpaka ya 12 rudi upimwe na wewe, wengi wetu tunaishia kumpeleka mtoto chanjo tu.