Waache wachore kabla hujabofya

Nilipoanza kufundisha fizikia ya kwanta mwaka wa pili, nilidhani animesheni inatosha yenyewe. Nawasha projekta, naonyesha elektroni ikipenya ukuta wa nishati ambao kwa kanuni za Newton isingeuvuka, darasa linashangilia, tunasonga mbele. Kwenye mtihani nikauliza: elektroni iliyopenya ina nishati kiasi gani ukilinganisha na mwanzo? Wengi waliandika imepungua.

Haipungui. Kinachopungua ni uwezekano wa kuikuta upande wa pili. Niliitazama upya ile animesheni nikaelewa walipopotelea: wimbi linalowakilisha uwezekano huo limechorwa juu ya mstari wa nishati, kwenye mchoro uleule, na likitoka ukutani kimo chake ni kifupi. Mwanafunzi anasoma kimo hicho kama nishati. Mimi ndiye niliyemwonyesha bila kumweleza.

Siku hizi sibofyi chochote mpaka kila mmoja achore kwenye karatasi anachotarajia kukiona, amweleze na jirani yake sababu. Wanabishana kweli kweli, na kelele ile naipenda. Ndipo naicheza, naisimamisha wimbi likiwa ndani ya ukuta, nauliza: mhimili huu unapima nini?

Kisha wanabadilisha upana wa ukuta wenyewe. Kwa elektroni iliyopungukiwa elektronivolti 1 (kipimo cha nishati) kufikia kilele cha ukuta, upana ukitoka nanomita 0.5 hadi 1, uwezekano wa kupenya unashuka hadi takriban sehemu moja ya 170 ya ulivyokuwa. Wakokotoe kwa mkono kwanza, halafu walinganishe na skrini. Hapo ndipo nawatajia hadubini ya wanafizikia Binnig na Rohrer ya mwaka 1981, inayotambua atomu mojamoja kwa sababu ncha yake ikisogea kidogo tu, mkondo wa elektroni zinazopenya pengo kati ya ncha na kitu kinachotazamwa unabadilika sana.

Pa kupata animesheni za kuanzia ni PhET, mradi alioanzisha mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, au QuVis ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Zote ni bure. Pakua mapema zile zinazokubali kutumika bila intaneti, maana bando la mwanafunzi ni la kuhurumia. Na usisikitike simu zikiwa chache. Watatu kwa simu moja ndio mpangilio ninaoupenda zaidi: mmoja anashika, mmoja anachora, na wa tatu lazima aulize.